Wasichana wanaponyamaza katika somo la hisabati

SWALI: Mimi ni mkuu wa idara ya hisabati katika shule ya kutwa mjini Kisumu. Wavulana watatu wale wale ndio hujibu maswali darasani, huku wasichana wakiinamia madaftari. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, tatizo halianzi kwa wasichana bali kwa namna tunavyouliza, kwa kuwa anayengoja mikono iinuliwe huishia kuwafundisha wale waliokwisha kuelewa. Uliza swali, nyamaza kidogo, waache wajadiliane wawili wawili, kisha mtaje mmoja aeleze njia aliyoitumia, hata kama jibu lake si sahihi, maana kosa lililofafanuliwa ubaoni hulifaa darasa zima. Mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, ulisisitiza hilo hilo: mwanafunzi atende, asisikilize tu.

Ukiwa kiongozi, ingia katika vipindi vya wenzako bila nia ya kuwakagua, nao waje kwako, mkihesabu ni nani aliyeulizwa na ni nani aliyesahauliwa. Tena, na jambo hili huniuma sana, usimtengee mwalimu mzoefu mkondo wa wanaofaulu pekee, kwani wanaomhitaji zaidi ndio humkosa.