Hadithi za sayansi zisimulie siku za mbalamwezi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: umeachiwa kitabu kinene cha hadithi fupi za zamani za kisayansi, uanze na ipi, na utafanyaje ili watu wa nyumbani nao wafaidi wakati Kiingereza chao ni cha kuungaunga. Nakujibu kwa niliyoyapitia, maana makosa karibu yote nimeshakufanyia.

Changu nilikipata Makoroboi, hapa Mwanza, mwaka 2011, kwenye turubai la vitabu vya mitumba, shilingi elfu tatu baada ya kuvutana sana. Ni ule mkusanyiko wa Robert Silverberg wa mwaka 1970, The Science Fiction Hall of Fame: hadithi 26, zilizopatikana kutokana na kura za waandishi wa fani hiyo huko Marekani. Nilivyonogewa, nikaanza kuazimisha. Usiazimishe! Kilizunguka Kirumba miezi minane, kikarudi hakina jalada na kurasa kadhaa zimeenda na karanga. Nilipowahoji waliokiazima, hakuna aliyevuka ukurasa wa tatu.

Ndipo nikaanza kusimulia kwa mdomo. Mjomba wangu ana kambi ya dagaa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Kama hujui kazi ile: dagaa hufuata taa, kwa hiyo wavuvi wanataka giza. Mwezi ukipevuka taa haivuti kitu, mitumbwi inalala ufukweni, watu wanashona nyavu na kupiga soga. Hizo ndizo siku zangu. Ukienda siku za giza utawakuta wamelala mchana kutwa na jioni wanaondoka, utasimulia kuku.

Nilianza na Nightfall ya Isaac Asimov, aliyoitoa mwaka 1941 akiwa kijana wa miaka 21. Kuna sayari yenye majua sita, usiku hauingii ila mara moja kila baada ya miaka 2049. Wataalamu wanagundua kwamba giza liko njiani, na likifika watu watarukwa na akili, watachoma miji yao ili wapate mwanga. Nimefika hapo kwa sauti ya kutisha kabisa, mjomba akaangua kicheko. "Yaani mji mzima unaungua kwa sababu ya usiku? Hao waje hapa, nitawapa kazi ya kuwasha taa." Kambi nzima ikacheka, nikajua leo nimekwama.

Kisha mzee mmoja aliyekuwa anaziba tundu la wavu, hata kichwa hakuinua, akasema usiku wake wa kwanza ziwani alikuwa na miaka kumi na miwili. Enzi hizo ni karabai. Ikazimika wakiwa mbali, mawingu yametanda, nchi kavu haionekani upande wowote. "Kiberiti nilikuwa nacho mkononi. Nilitaka kuchoma tanga." Hakuna aliyecheka tena, na nilipoendelea walisikiliza mpaka mwisho.

Tangu siku ile nachagua hadithi kwa kipimo hicho: kuna jambo ndani yake ambalo msikilizaji analijua kuliko mwandishi? Kwa hiyo sikuambii uanze na ipi, angalia kwanza nyumbani kwako kuna nani. Zile za vita na viumbe wa sayari nyingine, ambazo vijana huzikimbilia, kwa maoni yangu ndizo huchosha mapema. Inayopita kipimo changu ni kama Surface Tension ya James Blish (1952): ina watu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaishi ndani ya dimbwi na wanaunda chombo cha kuwavusha juu ya uso wa maji waende dimbwi la pili. Nikawasimulia watoto. Mmoja, wa darasa la nne, akauliza, "Anko, hao si ndio wa kichocho?" Nilishindwa kuendelea kwa kucheka.

Kuna isiyosimulika. Flowers for Algernon ya Daniel Keyes (1959) imeandikwa kama ripoti za mtu mwenye akili nzito anayefanyiwa upasuaji, akawa na akili kupita madaktari wake, kisha ikaanza kumtoka. Yote hayo unayaona kwenye tahajia yake, kwa hiyo lazima isomwe. Nikatafsiri kurasa chache kwa ajili ya mpwa wangu, nikamfanya jamaa aandike "lipoti" na "dakitali". Mpwa akasoma, akanitazama. "Kwa hiyo anko, mjinga lazima awe Msukuma?" Aibu niliyoiona siku hiyo! Nikaandika upya: maneno yameshikana, nukta hakuna. Ikawa bora kuliko mwanzo.

Na iko moja niliyoisimulia bila kufikiri. The Cold Equations ya Tom Godwin, ya mwaka 1954. Chombo kidogo kinapeleka dawa kwa wagonjwa sita kwenye sayari ya mbali, mafuta yamepimwa kwa rubani mmoja tu. Binti wa miaka 18 amejificha ndani, anataka kumwona kaka yake. Uzito umezidi. Asipotupwa nje, kitaanguka na wote watakufa, na wale wagonjwa pia. Nilikuwa nimekolea, nasahau niko kisiwa gani na mbele ya nani. Kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimejaza watu kupita uwezo wake, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, zaidi ya watu mia mbili wakafa, na mama mdogo alimpoteza mwanawe mle. Alikuwa amekaa pembeni anapepeta dagaa. Akauliza, "Mzani ulikuwa wapi kabla hakijaondoka?" Sikuwa na jibu, kwa sababu mwandishi naye hana. Akainuka, akaingia ndani.

Siku ya tatu nikiwa nafunga begi niwahi meli ya Mwanza, akanifuata.

"Yule binti, aliongea na kaka yake?"

Nikamwambia ndiyo mama, kwa redio, dakika chache.

"Basi afadhali," akasema, akanipa mfuko wa dagaa wa kumpelekea mke wangu.