Kabla Nyundo Haijagusa Ukuta: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kukarabati Nyumba

SWALI: Nyumba yetu iko Kimara, Dar es Salaam. Ina vyumba vitatu na sebule, baba aliijenga mwaka 1994. Tunataka kubadilisha bati zilizoshika kutu, kuingiza choo ndani, kuvunja ukuta wa kati ya sebule na jiko, na kuweka marumaru nyumba nzima. Hela tuliyonayo ni kama nusu ya inayotakiwa. Fundi anasema tuanze na marumaru mwezi wa pili kwa sababu bei zinapanda. Tumsikilize? — Msomaji wa kike, Kimara

JIBU: Hapana, dada. Marumaru ni kazi ya mwishoni. Ukizitanguliza, fundi bomba atakuja kuzikata apitishe bomba la choo, mirunda ya kushikilia ukuta itazipasua, na bati bovu litaendelea kumwaga maji juu ya sakafu uliyoilipia. Bei ikipanda kidogo utaumia mara moja. Kung'oa na kurudia kutakugharimu mara mbili.

Anza na maji: ya mvua kwanza, kisha ya choo, halafu ya bomba. Hata awamu zako za hela zifuate mpangilio huo, na kila awamu iwe inaweza kusimama peke yake hela ikikata. Nyumba yenye bati jipya na sakafu ya zamani inakalika mwaka mzima. Yenye marumaru mpya chini ya bati linalovuja haikaliki hata wiki moja ya masika.

Mwezi wa pili usivunje kitu. Masika yanaanza mwezi wa tatu, na kuezua paa wakati huo ni kujitafutia balaa. Kazi ya paa iweke Juni hadi Septemba. Hiyo masika yenyewe itumie kukagua. Mvua ikinyesha, ingia darini na tochi, chora kwa chaki kila mbao inapolowa. Toka nje uone maji yanasimama upande gani wa msingi. Kwenye kila ufa, paka kipande cha jasi chenye upana wa vidole viwili kikatize ufa, andika tarehe juu yake, kisha kiache mpaka mvua ziishe. Jasi isipokatika, ufa umetulia, na ukiwa mwembamba chini ya milimita 2 unazibwa wakati wa lipu. Ikikatika, au ufa ukiwa umezidi milimita 5 na unapanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, msingi unatembea. Hapo muite mhandisi kabla ya kununua chochote. Gonga kuta pia kwa mpini wa nyundo: lipu inayolia kama ngoma imeachana na tofali, kwa hiyo ihesabu kama ya kubandua.

Ukuta wa sebule na jiko uvunjwe wakati paa liko chini. Watu wengi hutenganisha kazi hizi mbili, na ni kosa. Kenchi (fremu za mbao zinazobeba bati) zikiwa bado juu, ukuta ule huenda umezibeba, na kuutoboa kunataka mirunda mingi na moyo mgumu. Paa likishatolewa, ukuta haubebi kitu. Unavunja, unasuka nondo, unamwaga boriti ya zege, na ikishakomaa ndipo kenchi mpya zinakaa juu yake. Boriti ilale juu ya ukuta angalau sentimita 20 kila upande. Imwagiliwe maji siku 7, na mirunda ya chini isitolewe kabla ya siku 14. 21 ni salama zaidi. Idadi na unene wa nondo kwa uwazi unaozidi mita 2 apige hesabu mhandisi, usimwachie fundi akisie kwa macho. Kubadilisha kuta na kuongeza choo kunahitaji kibali cha ujenzi pia, kwa hiyo fika manispaa mapema na mchoro wako.

Sasa choo, maana hapa ndipo wengi wanakwama. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Tuseme kutoka choo kipya mpaka shimo la maji taka ni mita 12: bomba litashuka sentimita 30. Kama linaanza sentimita 20 chini ya sakafu, litafika shimoni likiwa sentimita 50 chini ya usawa wa sakafu. Nenda ukapime leo, kwa mpira wa maji wa fundi (ule mwangavu unaojazwa maji kupimia usawa), mdomo wa shimo lako uko chini kiasi gani. Ukikuta uko sentimita 35 tu, una njia tatu: kuinua sakafu ya choo, kusogeza choo karibu na shimo, au kuchimba shimo jipya. Yote matatu yanabadilisha bajeti, ndiyo maana kipimo hiki kinatangulia mchoro. Fundi atakayesema "tutalilaza kidogo tu" anakuandalia bomba ambalo maji yanapita na uchafu unabaki. Weka chemba (kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia) kila bomba linapokata kona, na bomba la hewa lipande mpaka juu ya bati.

Mabomba ya maji safi na mirija ya waya viingie ukutani kabla ya lipu. Jaza maji kwenye mabomba, yafunge, yalale na presha usiku mzima. Asubuhi kagua kila kiungo. Kwa umeme, waya wa mm² 1.5 ni wa taa, mm² 2.5 wa soketi, mm² 4 wa hita ya maji, mm² 6 wa jiko la umeme. Nyumba ya 1994 inawezekana ilipigiwa hesabu ya taa, redio na pasi, kwa hiyo usirithishe waya za zamani kwenye hita na kiyoyozi. Mwambie fundi umeme mwenye leseni aweke na swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Kabla lipu haijafunika, piga picha kila ukuta ukiwa umenyoosha futi ya kupimia. Picha hizo zitakuokoa siku utakapotaka kupigilia msumari wa pazia.

Marumaru nunua zikibaki wiki mbili kabla ya kuzilaza. Chumba cha mita 4 kwa 3.6 ni mita za mraba 14.4. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, inakuwa 15.84. Boksi la vipande vinne vya sentimita 60 kwa 60 linafunika 1.44, kwa hiyo ni maboksi 11. Ongeza moja la akiba, na hakikisha namba ya bechi ni ile ile kwenye maboksi yote, maana rangi hutofautiana na tofauti huonekana zikishalala sakafuni.

Saruji nayo usiinunue mapema kukimbia bei. Ikikaa miezi mitatu kwenye hewa ya Dar inapoteza nguvu hata kama mfuko haujaganda.

SWALI: Naishi Muscat, nyumba ya wazazi iko Tanga. Fundi anataka nusu ya hela zote mkononi ndipo aanze. Nimlipeje nikiwa mbali? — Msomaji, Muscat

JIBU: Tenganisha hela ya vifaa na hela ya ufundi. Vifaa lipa dukani moja kwa moja kwa orodha yenye idadi: mifuko mingapi, nondo ngapi za milimita ngapi, bati ngapi za geji gani. Kumbuka geji inapokuwa ndogo bati ni nene zaidi, kwa hiyo ya 28 ni nene kuliko ya 30, na anayekuandikia "bati" bila geji amekuachia mwanya mkubwa.

Ufundi ulipe kwa hatua inayoonekana, siyo kwa tarehe. Asilimia 20 ya kuanzia inatosha. Sehemu nyingine kenchi zikisimama, nyingine bati zikifungwa, nyingine lipu ikikauka. Asilimia 10 ya mwisho ishikilie mpaka mvua moja kubwa ipite na dari liwe kavu. Yote yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kuanza, pamoja na sharti kwamba nyongeza yoyote isiyoandikwa na kukubaliwa hailipwi. Asilimia 15 hadi 20 ya bajeti iache pembeni, usimtajie fundi. Nyumba ya zamani lazima itoe jambo lililojificha.

Weka ndugu mmoja wa kuhesabu mifuko inayoingia na inayofunguliwa. Kwa kipimo: lipu ya milimita 15, saruji moja kwa mchanga nne, mfuko wa kilo 50 unaenda mita za mraba 7 hivi. Ukiambiwa umeisha kwa mita 3, uliza.

SWALI: Nyumba ya urithi, Mji Mkongwe, Zanzibar. Ukuta wa chini unatoa unyevu na chumvi, rangi inabanduka kila mwaka. Tunapanga kupiga lipu nzito ya saruji tumalize tatizo. — Msomaji, Unguja

JIBU: Tafadhali msifanye hivyo, tunawasihi. Kuta zenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, na zimeishi miaka yote hiyo kwa sababu zinapumua. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanafika juu ya uso wa ukuta, jua na upepo vinayakausha. Saruji inaziba njia hiyo. Maji hayaishi: yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, mpaka yanafika kwenye boriti za mikoko zilizozikwa ukutani. Ncha za boriti zinaoza ndani kwa ndani huku dari likionekana zima.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni boriti. Chukua bisibisi, choma kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo haibebi tena. Weka nguzo chini yake kabla ya kugusa ukuta.

Kisha bandueni saruji yote iliyopigwa zamani, mpaka mawe yaonekane. Shusheni udongo na sakafu za nje zilizopanda juu kuliko sakafu ya ndani, na hakikisheni mifereji ya paa haimwagi maji ubavuni mwa ukuta. Halafu subirini. Ukuta wa unene huo unataka msimu mzima wa kiangazi kukauka, ukipigwa burashi kavu kila chumvi nyeupe inapochomoza. Kipindi hiki cha kusubiri ndicho mnachopaswa kukipangia, na ndicho familia nyingi hukiruka kwa sababu inaonekana hakuna kazi.

Lipu iwe ya chokaa iliyolowekwa vizuri wiki kadhaa, moja kwa mchanga tatu. Mchanga usiwe wa pwani, utarudisha chumvi ile ile. Ipigwe kwa tabaka za sentimita moja, kila tabaka ikae na unyevunyevu siku kadhaa chini ya magunia yaliyoloweshwa. Ikikauka haraka itapasuka. Juu yake ni chokaa ya kupaka, siyo rangi ya plastiki. Mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo kibali ni cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na kiombeni kabla hamjabandua.

SWALI: Paa letu ni la shuka za kijivu za zamani, tunahofia ni asbesto. Tunaweza kuzivunja wenyewe? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Msizivunje, msizikate kwa msumeno, msizisugue. Hatari iko kwenye vumbi: nyuzi zake zinaingia mapafuni na madhara huja kuonekana miaka mingi baadaye. Zikiwa nzima juu ya paa hazina haraka. Wasilianeni na ofisi ya mazingira ya halmashauri kuhusu watu wa kuzitoa na mahali pa kuzizika, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti kama kazi ya kujitegemea. Siku ya kuzitoa hulowanishwa maji kwanza, hufunguliwa misumari badala ya kung'olewa kwa nguvu, hushushwa nzima nzima kwa mikono na kufungwa kwenye nailoni ngumu. Watoto na majirani wa karibu wasiwepo. Vipande visigeuzwe kifuniko cha banda la kuku wala kujazia kifusi njiani.