Wadogo zangu mnaoandika vitabu vya picha, acheni "Tangu siku hiyo"

Jumatatu nilikuta miswada minne mezani. Mitatu inaishia kwa "Tangu siku hiyo": tangu siku hiyo Amani hakusema uongo tena, tangu siku hiyo Neema hakusahau kupiga mswaki, tangu siku hiyo Fisi aliacha ulafi. Wa nne unaishia kwa "Hadithi hii inatufunza kwamba." Nimewaambia jambo hili tukinywa chai ofisini, nimewaambia kule Sarit Centre, Nairobi, wakati wa maonyesho ya vitabu, nimewaambia tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Jogoo Road. Mnaitikia kwa adabu, halafu mnaniletea "Tangu siku hiyo" nyingine. Sasa nayaandika, na atakayeniletea tena nitamrudishia mswada pamoja na karatasi hii.

Nawapenda, mnajua. Ninyi ndio mtakaoandika vitabu watakavyosomewa wajukuu zangu. Ndiyo maana sina subira.

1. Kunja dami, yaani kitabu cha mfano, kabla hujaandika sentensi ya kumi. Karatasi nane za A4, zikunje katikati, zipige pini: tayari una kurasa 32. Hesabu hiyo haikuamuliwa na mhariri mkali. Karatasi kubwa ya mashine ya kuchapa ikikunjwa hutoa kurasa 16, mbili ni 32, na ukitaka 35 kuna mtu atakayelipia karatasi tupu. Ukitoa ukurasa wa jina, wa haki za uchapishaji na vinginevyo vya mbele, unabakiwa na jozi 13 au 14 za kurasa zinazotazamana. Hapo ndipo hadithi yako inapoishi. Mmoja wenu alikuja na hadithi yenye matukio 41. Sikumwambia neno. Nilimpa karatasi nane na penseli, nikamwomba ayapange. Alinyamaza kama dakika tano, kisha akaanza kufuta mwenyewe, na kadiri alivyofuta ndivyo uso ulivyokuwa ukimkunjuka.

Na swali likae chini ya ukurasa wa kulia, jibu lije baada ya mtoto kugeuza.

2. Mwachie mchoraji kazi yake. "Zawadi alivaa gauni la manjano, akasimama chini ya mwembe mkubwa karibu na nyumba ya mabati." Gauni, mwembe na mabati yote yataonekana. Kilichobaki ni "Zawadi alisubiri." Lakini kumwachia kazi si kumwacha gizani, na hapa Kiswahili chetu kina mtego wake. Wakati fulani tulikuwa na mswada wa mtoto anayepanda mti: "Alipanda. Aliteleza. Akashika tawi." Mwandishi alikuwa na mvulana akilini. Mchoraji akasoma ile "a" ya "alipanda", ambayo haisemi mvulana wala msichana, akachora msichana wa nywele za mabutu, goti lina kidonda, macho makali. Alipendeza kuliko yule wa mwandishi. Tulishangilia hadi tulipofika ukurasa wa 20, mdogo wake anapoita kutoka chini: "Kaka, shuka!" Michoro ilikuwa imekamilika. Bahati ni kwamba "kaka" na "dada" zina herufi nne kila moja, kwa hiyo mpangilio haukuguswa. Zungumzeni mapema, tafadhali.

3. Funzo. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Kitabu changu cha pili kilihusu wizi mdogo mdogo. Ilikuwa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Niliandika mtoto wa darasa la pili anayedokoa vyakula vya wenzake: mandazi kwenye mkoba wa huyu, kipande cha kiazi kwenye mkebe wa yule. Nilimpa jina Dokodoko. Nikamtungia na kibwagizo, kinarudi mara nne kitabuni: "Doko doko doko, nani kadokoa?" Nilikifanyia kazi kibwagizo hicho wiki nzima. Nilikipima kwa makofi na kwa kamba ya kuruka. Kilikuwa kizuri, wadogo zangu, na ubora wake ndio uliofanya madhara.

Ukurasa wa 26 darasa zima linamnyoshea Dokodoko kidole. Wa 28 mwalimu anamsimamisha mbele na kueleza ubaya wa wizi. Wa 30 anaomba msamaha akilia. Wa 32, mnaujua tayari.

Vilichapwa vitabu 3,000. Nilialikwa kukisoma katika shule moja huko Eastlands, darasa la watoto kama 60, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Niliposoma kibwagizo mara ya kwanza walisikiliza. Mara ya pili waliitikia. Mara ya tatu walipiga madawati. Mara ya nne, bila mtu kuwaambia, vichwa viligeuka vyote upande mmoja, kuelekea safu ya nyuma karibu na dirisha, na vidole vikafuata. Pale palikuwa na mvulana mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Aliuziba ule mwanya wa kiwiko kwa kiganja cha mkono wa pili, akatazama dawati. Mwalimu alicheka. Na mimi nilicheka. Nilidhani ni mchezo wao. Nilidhani kitabu kimefanikiwa, kwa sababu darasa lilikuwa limechangamka kuliko darasa lolote nililowahi kusomea.

Niliwaahidi nitarudi, nikarudi baada ya wiki tatu. Sikuwa hata nimefungua mkoba, kibwagizo kikaanza. Walikuwa wameongeza maneno yao. Nilitazama karibu na dirisha, mvulana hayupo. Nilimuuliza mwalimu, naye akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yule siku hizi hukaa nyuma ya tangi la maji wakati wa mapumziko, na siku nyingine haji. Wenzake hawamwiti jina lake tena. Akaongeza, kama mtu anayenipa habari ndogo tu, kwamba anaishi na nyanya yake, na asubuhi nyingi huja bila kutia kitu tumboni. Hizo zilikuwa siku za kabla ya Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi wa chakula cha mchana shuleni. Hapakuwa na mtoto wa kulipa shilingi tano akapewa sahani ya chakula cha moto. Aliyekuja na chakula alikula, na asiyekuja nacho aliwatazama waliokuja nacho.

Nilirudi nyumbani nikakisoma kitabu changu tena, polepole, kama kimeandikwa na mtu nisiyemjua. Kurasa karibu zote zina chakula. Mandazi, viazi, chapati iliyokunjwa kwenye karatasi. Mchoraji alizichora chapati hadi ungeona madoa ya moto. Na hakuna ukurasa hata mmoja ambapo mtu anamuuliza Dokodoko kama amekula. Si mwalimu, si mwenzake, si mimi niliyemuumba. Nilikuwa nimemwandika mtoto mwenye njaa, nikamsimamisha mbele ya darasa, nikamwita mwizi, kisha nikawapa watoto 60 wimbo wa kumwimbia.

Nilikwenda kwa mchapishaji nikaomba kisimamishwe. Waliniambia shule zinakiagiza. Hilo halikuwa uongo. Nilinunua nakala nilizoweza kununua, jambo ambalo halikubadilisha chochote. Kilipofika wakati wa kuchapwa tena waliniruhusu kubadilisha. Niliondoa kibwagizo. Niliondoa vidole. Ukurasa wa 26 una dawati tu, na msichana anayesogea kidogo ili nafasi ipatikane, na andazi lililokatwa vipande viwili visivyolingana, kile kikubwa kimewekwa upande wa pili. Hakuna maneno pale. Walimu wamekuwa wakiniuliza funzo liko wapi. Watoto hawajawahi kuniuliza.

Yule mvulana nilimtafuta mwisho wa muhula. Nyanya yake alikuwa amehama naye kwenda mashambani. Sikumwona tena, na hadi leo nikisikia watoto wakiimba kitu kwa pamoja huwa natazama kwanza safu ya nyuma.

Kwa hiyo ninaposhika mswada wenu, siulizi unafunza nini. Nauliza: mtoto mwenye kosa hili hili, akisomewa kitabu hiki mbele ya wenzake, atakaa vipi kwenye dawati lake? Kikojozi, kigugumizi, asiye na viatu, anayesema uongo kwa sababu nyumbani ukweli unapigwa. Yuko darasani. Kila darasa analo. Mwandikieni yeye kwanza, wengine watasikia.

4. Hesabu silabi, usihesabu maneno. Kiswahili kina huruma kwa anayeanza kusoma, kwa kuwa herufi inasemwa kama ilivyoandikwa. Lakini neno letu moja linabeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa pamoja. "Hawakumsikiliza" ni neno moja kwenye hesabu ya kompyuta, na kwa mtoto wa gredi ya kwanza anayefuata kwa kidole ni ha-wa-ku-m-si-ki-li-za, vituo vinane, na akifika mwisho ameshasahau ni nani waliokataa. "Walikataa" inatosha. Hii ndiyo sababu nawaomba msiandike kwa Kiingereza kisha mkatafsiri usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Sentensi ya kule ikiletwa huku hufika na mizigo.

5. Nyuso zisikae kwenye mkunjo wa katikati, na rangi ya pembeni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3.

6. Orodha ya maadili si hadithi. Mtaala wa umilisi ulipoingia madarasani nchini kote 2019, sote tulijifunza orodha kwa moyo: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, uadilifu, haki. Ni orodha nzuri. Ubaya ni kwamba wengi wenu mnachagua neno moja, mnalivika jina la mtoto na sare ya shule, mnalipeleka mbele. Heshima anamsalimia mzee. Heshima anampisha mama mjamzito kwenye matatu. Ukurasa wa 32 Heshima anapewa tuzo. Najua kitabu lazima kipite KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, najua shule hununua kilichoidhinishwa, na najua kodi ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye vitabu 2013 inamfanya mzazi ashike kitabu, asome bei, akirudishe rafuni. Hizo ndizo sababu zinazonifanya nisikubali ukurasa mvivu. Mzazi akishakubali kutoa hizo pesa, kitabu kisomwe mara mia. Hakuna mtoto aliyewahi kusema "nisomee tena" kwa sababu ya hotuba. Husema "rudi pale" kwa sababu ya mbuzi aliyejificha nyuma ya pazia.

Nyanya zetu walilijua hili bila semina. "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo!" Halafu Sungura anadanganya, Fisi anaungua mdomo, watoto wanacheka, taa inazimwa. Mwenye kufikiri alifikiria gizani.

7. Kisomewe watoto kabla hakijaenda kwa mchoraji. Zungumzeni na wakutubi wa maktaba za Kaloleni au Makadara mapema, nendeni Jumamosi. Usisome mwenyewe. Mpe mtu mwingine asome, wewe kaa pembeni na dami yako mapajani, weka alama kila mahali mtoto anapomtazama jirani yake badala ya ukurasa. Alama tatu mahali pamoja, kata. Msiwaulize "mmejifunza nini?", kwa sababu watawajibu "tusiibe" kwa sauti moja, maana wanajua watu wazima wanapenda kusikia nini.

Nirudi kwenye miswada ya Jumatatu, kwa sababu mmoja una kitu. Ni ule wa Amani. Amani anavunja chupa ya chai, ile ya maua mekundu ambayo kila nyumba inayo, anasema ni paka. Paka anafukuzwa nje. Kisha mama anagundua, na kurasa nne ni mama akizungumza juu ya uongo. Nilimwita mwandishi nikamuuliza paka yuko wapi wakati mama anazungumza. Akafikiri. Akasema, "Mwalimu, bado yuko nje." Nikamuuliza hali ya hewa. Akasema ni Aprili, kwa hiyo mvua. Tukatazamana.

Jana jioni amerudi na dami mpya. Mama hazungumzi tena. Usiku mvua inanyesha mabatini, Amani yuko kitandani macho wazi, na kuna sauti ndogo mlangoni. Chini ya ukurasa wa kulia ameandika "Amani aliinuka." Unageuza. Ukurasa wa 32 hauna neno: mlango umeachwa wazi kidogo, na nyayo za paka zenye maji zinatoka mlangoni hadi kitandani. Ameniuliza kama aongeze sentensi moja tu, mzazi aelewe. Nimemwambia apeleke kwa mchoraji hivyo hivyo, leo kabla ya saa kumi.