Diski ya mfumo ya seva ya nyumbani iwe na ukubwa gani?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Nina kompyuta kongwe ya mezani, nataka kuigeuza seva ya nyumbani ili familia nzima iweke picha na video za harusi. Diski mbili za terabaiti 4 ninazo tayari. Fundi wa huku kaniambia ninunue SSD, ile diski isiyozunguka, ya terabaiti 1 ya kuwekea mfumo, ati seva haiendi na diski ndogo, na nafasi itakayobaki ataikata patisheni, yaani kipande cha peke yake, niweke picha zile muhimu zaidi. Wengine wananiambia GB 120 inatosha. Nishike lipi?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu. GB 120 inatosha, na hiyo terabaiti 1 usiinunue. Mifumo ya seva inayotumika sana ni TrueNAS na OpenMediaVault: TrueNAS inataka diski ya mfumo ya GB 16 tu kwa uchache, na OpenMediaVault nayo, ambayo ni Debian, aina ya Linux, iliyoongezwa vitu kidogo, haijazi hata robo ya hiyo 120. Ukiwa na nia ya kuongeza Jellyfin watoto waangalie video, au Nextcloud simu zipeleke picha zenyewe, chukua 240, kwa sababu kwenye OpenMediaVault programu hizo hujaza diski ya mfumo usipozielekeza kwingine. Kasi ya kunakili haitabadilika. Video ziko kwenye zile diski kubwa, na waya wa mtandao wa gigabiti 1 haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, SSD yako iwe na ukubwa wowote.

Kilichonikera katika barua yako ni hiyo patisheni.

Mwaka hadi mwaka naletewa msiba uleule. Mtu kaweka vitu vyake vyote kwenye D, kwa imani kwamba D ni diski nyingine na C ikiharibika D itasalimika. D na C ni diski moja, mwalimu. Chumba ukikigawa kwa pazia, paa likivuja wanalowa wa pande zote mbili.

Mama mmoja alikuja dukani kwangu na laptopu kaifunga ndani ya kanga. Ilikuwa nzito kuwaka, akaipeleka kwa kijana ampigie Windows. Kijana hakuuliza kitu. Alipofika kwenye orodha ya patisheni akazifuta zote, akaweka Windows mpya, akachukua pesa yake. Kwenye D mlikuwa na picha za marehemu mumewe. Niliiachia programu ya kurejesha mafaili siku mbili, usiku na mchana. Picha zilirudi chache, na nyingi ya hizo zilikuwa nusu: juu unaona kofia na paji la uso, kuanzia machoni kushuka chini ni rangi ya kijivu tupu. Mama aliziangalia moja moja mpaka ya mwisho.

Na ile ilikuwa diski ya zamani ya kuzunguka. Ingekuwa SSD, hata hizo nusu nisingezipata. Ukifuta kitu kwenye SSD, mfumo huiambia diski kwamba nafasi ile iko wazi, nayo huisafisha yenyewe kimyakimya. Hapo hakuna fundi wala programu, na anayekwambia anayo dawa anataka pesa yako tu.

Fundi wako hajui hata kwamba TrueNAS na OpenMediaVault kwa kawaida huchukua diski nzima ya mfumo kwa ajili yao wenyewe na hazikupi nafasi ya kuhifadhi mafaili yako humo. Hiyo patisheni atailazimisha kwa njia za uchochoroni, na siku ya kusasisha mfumo utakuja kunililia mimi.

Diski ya mfumo inatakiwa iwe kitu ambacho ikifa asubuhi, jioni umeshaweka nyingine na hukupoteza hata picha moja. Pakua faili la mipangilio ya seva, liweke kwenye simu na kwenye laptopu yako. Pesa iliyobaki nunua UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukizimika, kwa huu umeme wetu wa kukatika na kurudi, na diski ya tatu ya nje. Hiyo ya tatu ikae nyumba nyingine, kwa ndugu au jamaa kule Chake Chake, uilete mara moja kwa mwezi kunakili. Zile mbili za terabaiti 4 ukizifunga zifanane, kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye ya pili, zitakuokoa moja ikifa, lakini mtoto akifuta picha kwa bahati mbaya inafutika kote kuwili papo hapo.

Unaponunua hiyo ya tatu, jihadhari na flashi na diski za nje zilizoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya sahani ya biriani. Ndani mna kumbukumbu ndogo, pengine GB 32, iliyotiwa programu ya kuidanganya kompyuta. Unanakili, majina ya mafaili unayaona, ikishajaa kwa kweli yanayofuata yanafuta yaliyotangulia, na hutajua mpaka siku unayoyahitaji. Ijaribu kwanza kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux: programu inaijaza yote kisha inasoma ilichoandika. Inachukua saa nyingi, iache ichukue. Usichanganye na jambo jingine: diski halali ya GB 500 kwenye Windows husomeka 465, hiyo ni namna ya kuhesabu tu, hukuibiwa.

Siku fundi atakapokuja kuweka mfumo, usimwachie kompyuta ukaenda skuli. Zima, fungua ubavu, chomoa mwenyewe nyaya za zile diski mbili za terabaiti 4, ibaki SSD peke yake. Akimaliza na seva ikawaka, zima tena ndipo uzichomeke.