Megawati zipo, maji je? Kwa nini mgao wa umeme hurudi wakati wa kiangazi

SWALI: Nchi inaweza kutangaza kwamba mitambo yake ya umeme wa maji ina uwezo unaozidi mahitaji ya juu kabisa ya watumiaji wote, lakini kiangazi kikirefuka mgao wa umeme unarudi palepale, tena wakati ziwa la bwawa linaonekana bado lina maji tele. Je, takwimu hizo si za kweli? Na kwa nini wasiongeze mitambo kwenye bwawa hilohilo ili tatizo liishe?

JIBU: Takwimu hizo kwa kawaida ni za kweli, ila zinajibu swali jingine. Megawati zinazotajwa siku ya uzinduzi hueleza kasi ya juu kabisa ambayo mitambo inaweza kuzalisha umeme, endapo maji yapo ya kutosha na yako kwenye kina kinachotakiwa. Hazielezi kasi hiyo inaweza kudumu kwa muda gani. Uwezo ni suala la mashine, nishati ni suala la mto, na kwa miaka yote niliyofanya kazi ya umeme wa maji nimeona mambo haya mawili yakichanganywa hata na watu wanaopitisha bajeti.

Tuanze na maji yenyewe. Ili kupata uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja, kiasi ambacho pasi ya wati 1,000 hukimaliza kwa saa moja, inabidi takriban lita 4,000 za maji ziporomoke kutoka kimo cha mita 100 na kupita kwenye mtambo wenye ufanisi wa asilimia 90. Kwa hesabu hiyohiyo, kituo cha megawati 100 chenye kimo hicho humeza mita za ujazo 113 kila sekunde, karibu milioni 10 kwa siku. Sasa chukua mto ambao wakati wa kiangazi huleta mita za ujazo 40 tu kwa sekunde. Mto huo unaweza kuendesha megawati 35 mfululizo. Megawati nyingine 65 zinategemea akiba iliyowekwa bwawani wakati wa mvua, na akiba hiyo ikiisha mashine husimama zikiwa nzima kabisa, zimepakwa mafuta, hazina hitilafu yoyote.

Mfano mkubwa kuliko yote duniani unalionyesha jambo hili waziwazi. Kituo cha Three Gorges katika mto Yangtze nchini China kina uwezo wa megawati 22,500, na mwaka 2020 kilizalisha takriban uniti bilioni 112. Kituo cha Itaipu katika mto Paraná, mpakani mwa Brazili na Paraguai, kina uwezo wa megawati 14,000 tu, lakini mwaka 2016 kilizalisha takriban uniti bilioni 103. Cha kwanza kinakizidi cha pili kwa uwezo kwa asilimia 60, ilhali kwa nishati kilikizidi kwa asilimia 8 au 9 tu. Sababu ni kwamba Paraná hutiririka kwa wingi karibu mwaka mzima, na Yangtze hupanda na kushuka sana kati ya msimu na msimu.

Kuhusu ziwa linaloonekana limejaa, hapa ndipo macho hudanganya zaidi. Si maji yote ya bwawa yanayoweza kufika kwenye mtambo. Mdomo wa bomba linalopeleka maji kwenye turbini, yaani gurudumu la mtambo linalozungushwa na maji, umewekwa kwenye kina maalumu, na uso wa ziwa ukiukaribia mno, maji huanza kuzunguka kama yanavyozunguka juu ya tundu la beseni, hewa huvutwa ndani ya bomba, na mtambo hutetemeka kiasi cha kuweza kuharibika. Kwa hiyo huwekwa kina cha chini ambacho uzalishaji hauruhusiwi kuendelea chini yake, na maji yote yaliyo chini ya hapo hayahesabiki kama akiba ya umeme, hata kama yanafika upeo wa macho. Ziwa Kariba katika mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, likijaa hubeba takriban kilomita za ujazo 180 za maji, lakini kinachotumika kuzalishia umeme ni tabaka la juu lenye unene wa mita 13 tu, kuanzia mita 475.5 hadi 488.5 juu ya usawa wa bahari, yaani takriban theluthi moja ya maji yote. Mwishoni mwa mwaka 2022 tabaka hilo lilikuwa limebaki chini ya asilimia 5. Mtu aliyesimama ufukweni wakati huo angeliona ziwa kubwa kama bahari.

Kuna adhabu nyingine isiyozungumzwa sana. Kina kikishuka, kimo cha kuporomoka hupungua, na kila mita ya ujazo hutoa umeme pungufu kuliko ilivyotoa wakati wa masika. Kimo cha mita 100 kikipungua kwa mita 13, lita 4,000 zile hazitoshi tena kwa uniti moja. Zinahitajika karibu 4,700. Maji huliwa kwa wingi zaidi hasa pale yanapokuwa haba.

Ndiyo maana watu wa kituo huishi na ubao wa vipimo uliochorwa kwenye ukuta wa bwawa, ambao husomwa kila asubuhi na kuandikwa kwa sentimita. Kwenye ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 500, sentimita moja ni mita za ujazo milioni 5, sawa na nusu siku ya kazi ya kituo chetu cha megawati 100. Nimewahi kuona sentimita mbili zikipotea kati ya asubuhi moja na nyingine, na chumba kizima kikanyamaza, kwa kuwa kila mmoja alijua hesabu ya siku zilizosalia kabla ya mvua.

Kosa jingine katika kusoma takwimu ni kujumlisha vituo vilivyo kwenye mto mmoja kana kwamba kila kimoja kinajitegemea. Nchini Kenya, vituo vitano vya mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hupokezana maji yaleyale, na akiba kubwa iko juu, Masinga. Nchini Tanzania, maji yanayoachiwa Mtera huenda kufanya kazi tena Kidatu. Utaratibu huu ni mzuri sana, kwa sababu tone moja hutumika zaidi ya mara moja, na mimi nautetea popote. Lakini mbele ya ukame vituo vitano ni chanzo kimoja: mvua ikikosekana katika bonde la juu, vyote hupungukiwa kwa zamu.

Sasa suala la kuongeza mitambo. Pande zote mbili za Kariba zilifanya hivyo: upande wa Zambia iliongezwa megawati 360 kati ya 2013 na 2014, na upande wa Zimbabwe 300 mwaka 2018. Ukame wa 2019 ulipoingia, nchi zote mbili zililazimika kukata umeme kwa saa nyingi kila siku, maana mto haukuongezeka. Mtambo wa ziada hauleti tone moja la maji, isipokuwa katika miaka ya mvua kubwa ambapo maji yangemwagwa bure kupitia milango ya mafuriko.

Hata hivyo nisingesema mitambo hiyo haina kazi. Mtambo wa maji huwaka na kufikia nguvu kamili kwa dakika chache, jambo ambalo mtambo wa makaa ya mawe hauwezi, kwa hiyo unafaa mno kwa saa za jioni ambapo watumiaji wote huwasha kwa pamoja. Gridi yenye umeme wa jua, upepo, gesi au jotoardhi wa kutosha kubeba mzigo wa mchana inaweza kufunga maji kuanzia asubuhi, ziwa likapumzika, kisha mitambo yote, pamoja na ile ya ziada, ikafunguliwa kwa saa nne au tano za jioni. Hapo megawati za ziada zina maana, kwa kuwa akiba ileile inatumika wakati inapohitajika zaidi. Tatizo huja pale bwawa linapoachwa kubeba mzigo usiku na mchana tangu mvua zinapokoma kwa sababu maji hayanunuliwi na mafuta yananunuliwa. Mgao wa miezi ya mwisho ya kiangazi huwa umeshaamuliwa katika wiki hizo za mwanzo, ziwa likiwa bado limejaa na hakuna anayelalamika.

Kwa hiyo utakaposikia tena tangazo la uwezo, uliza mambo mawili: kituo hicho kinategemewa kuzalisha uniti ngapi katika mwaka mkavu kuliko yote iliyowahi kupimwa kwenye mto huo, na ziwa lilikuwa kwenye kina gani siku mvua zilipokoma.