Rivolva ya babu: usianze na fundi

Habari ndugu yangu wa Bagamoyo, na pole kwa kuondokewa na babu. Umeuliza kama laki mbili na nusu ulizojibana utengenezee rivolva (bastola) ya Webley, chapa ya Uingereza, aliyoacha, silinda yake, yaani ngoma inayobeba risasi, ikiwa inacheza, au uachane nayo.

Kabla ya fundi, polisi. Leseni ilikuwa ya babu, wewe huirithi. Rivolva ya marehemu baba tuliikuta Muheza, sandukuni, imeviringishwa kwenye kanga. Msimamizi wa mirathi alikwenda kituoni mikono mitupu, akaeleza, wakaja kuichukua wenyewe. Usipande nayo daladala, na usiifyatue eti unajaribu.

Ukishapata kibali, fundi mwenye leseni aikague kabla ya kutaja bei. Nyundo ikivutwa mpaka mwisho, silinda inatulia au inayumba? Chumba, yaani tundu la risasi kwenye silinda, kisipolingana na mtutu, risasi hukwangua ukingo na vipande vyake huruka pembeni. Yetu ilikuwa hivyo, na kutu ya hewa ya bahari ilishachimba vishimo ndani ya mtutu. Springi hubadilishwa, vishimo havizibiki.

Soma pia chapa ya toleo iliyo kwenye rivolva. Webley Mk VI, yaani toleo la sita, hutumia risasi za .455, za enzi ya Vita Kuu ya Kwanza, na kuzipata ni shughuli. Hapo ndipo nilipokata shauri: hela ikaenda kwenye ada ya mdogo wangu, rivolva nikaisalimisha. Roho iliniuma, maana mpini ulikuwa umelainika kwa kiganja cha baba. Kwa silinda uliyoieleza, nakushauri usalimishe.