Sushi ya mtaani Osaka: ukikaa kimya utalala na njaa

Mkuu, umesema kazini wanakupeleka Osaka miezi mitatu, wenyeji wako wameshapanga siku ya kwanza mwende kula sushi, yale matonge ya wali yanayowekewa samaki juu, na wewe samaki mbichi hujawahi kumtia mdomoni. Nilisoma mji huo miaka minne, chumba changu kilikuwa karibu na stesheni ya Tenma, nyuma ya Tenjinbashisuji, ile njia ya maduka iliyoezekwa paa inayokwenda kilomita 2 na ushei. Vichochoro vyake vimejaa vijimkahawa vya sushi, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Kwanza futa ile picha ya Wajapani waliotulia kama wako kwenye hitima. Sehemu za hivyo zipo, ni za wenye hela zao. Mkahawa wa mtaani ni makelele. Ukisogeza mlango tu, wapishi wote wanapiga ukelele "Irasshaimase!", yaani karibu. Mie mtoto wa Tanga, nimelelewa kwamba ukikaribishwa unaitikia, basi nikawa nasimama pale mlangoni nashukuru na kuinama huku watu nyuma yangu wanataka kupita. Kumbe hawangoji jibu, we ingia ukae.

Siku niliyokwenda peke yangu nilikaa kaunta kwa adabu zangu zote, nikimngoja mpishi anitazame. Zikapita dakika ishirini. Waliokuja baada yangu wanakula, mie nakunywa chai ya bure. Mzee wa pembeni akanihurumia, akapaza sauti "Sumimasen!" kisha akaninyooshea kidole. Neno hilo lishike kabla hujapanda ndege: ni samahani, na ndiyo namna ya kumwita mhudumu. Liseme kwa sauti, hakuna atakayekuona huna adabu.

Sasa hofu yako ya ubichi. Si kila sushi ni mbichi. Anza na pweza, wanamwita tako, kwa kawaida huwa amechemshwa. Kuna ebi, kamba waliochemshwa. Tamago, yai lenye utamu kidogo. Na anago, mkunga wa baharini aliyepikwa na kupakwa mchuzi mzito. Ukishazoea ingia kwenye maguro, jodari mwekundu. Nilijiandaa kwa shombo, sikuikuta kabisa. Kuhusu minyoo, upo mmoja unaitwa anisakis, na kinachoumaliza ni kugandisha samaki nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au kumpika. Siki haiuui, wala wasabi, ule uji mzito wa kijani unaowasha, hauuui. Kwa hiyo usije ukarudi Dar ukanunua kibua pale Feri ukamkatakata mbichi kwa sababu umeona wenzako wanakula!

Wasabi nayo mara nyingi imeshapakwa kati ya wali na samaki, kwa hiyo usiongeze kabla hujaonja. Pilipili yetu inachoma ulimi, hii inapanda puani mpaka kwenye utosi. Wapishi wenyewe kwa lugha yao ya kazini huiita namida, machozi. Huitaki, sema "sabi nuki". Halafu wali usiuchovye kwenye soya, ule mchuzi mweusi wa chumvi, utavunjikia humo. Geuza tonge, upande wa samaki ndio uguse. Na kula kwa mkono ruksa, hapo sisi tuna kipaji tayari, wageni wengi niliowaona walikuwa wanahangaika na vijiti bure.

Kama ni Muislamu, jua kwamba mchuzi wa anago na hata lile yai mara nyingi hutiwa mirin au sake, ambavyo ni pombe, na soya nyingine huongezwa alkoholi. Mie nilikuwa nauliza kila mahali, nikishindwa naishia kwenye pweza na tango na chupa ndogo ya soya niliyokwenda nayo mfukoni. Hawakuwahi kununa.

Ukishiba, vuka vidole viwili vya shahada vifanye alama ya X, wataelewa unataka bili. Sehemu nyingi wanahesabu sahani zilizorundikana mbele yako, kwa hiyo usimpe jirani zako. Bakshishi hakuna. Mie nilikuwa nashiba kwa yeni 2,000 na kitu, ila nenda kabla ya saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo foleni inafika barabarani.